Huku Kumetulia

Wali ulikuwa umechotwa upande ambao hakuna aliyekaa.

Hamida aliliona hilo wiki yao ya kwanza Boko. Walikuwa wawili tu kwenye mkeka, yeye na binti yake Yasmini, sinia katikati. Yeye kala upande wake, mtoto kachimba upande wake, na upande wa tatu, ule unaotazama geti, kulikuwa na shimo safi la vidole vitano, na mchuzi umevutwa mpaka hapo na mtu anayejua kula wali kwa mkono. Hamida akalitazama shimo lile. Akajiambia ni huyu mtoto na kuzungukazunguka kwake, akakusanya vyombo akaenda kuosha.

Sasa, ili uelewe kwa nini mwanamke mwenye akili zake timamu aliona kitu kama kile akakipuuza, inabidi kwanza nikwambie walivyofika Boko, na usinikatize.

Hawa walikuwa watu wa Tandale. Fakihi, mumewe Hamida, asili yake Masasi, alikuwa dereva wa foklifti kwenye ghala moja kule Temeke, zamu ya usiku. Mtu wa zamu ya usiku hulala mchana, na Tandale mchana halali mtu. Nyuma ya chumba chao kulikuwa na baa. Mbele, fundi simu mwenye spika kubwa kuliko banda lake, singeli kutwa. Ubavuni ndiyo njia ya kuingilia sokoni, wapagazi wanapita na magunia wakiwafokea watu wapishe. Fakihi alijiziba masikio kwa pamba, akajifunika mto, akageukia ukutani, wapi. Mwishowe akaanza kusinzia kazini. Kuna usiku alisinzia kwenye usukani, uma za foklifti zikapita kando ya mbavu za mwenzake, zikamchania shati tu, Mungu alikuwepo. Asubuhi alirudi nyumbani, hata chai hakunywa.

"Mama Yasmini," alisema, "tutafute mahali pa kimya. La sivyo mie nitaua mtu."

Ndipo wakaanza kuzunguka na dalali, mmoja anaitwa Benedikto, mtu wa maneno mengi na viatu vya kung'aa. Chanika waliiona mbali. Mbagala kelele zilezile, na vumbi juu yake. Goba palikuwa pazuri lakini jirani ana mashine ya kukatia vyuma. Bunju, mbwa. Na aliyekuwa mgumu si Fakihi, ni Hamida. Akifika kwenye nyumba haulizi maji wala umeme. Anasimama katikati ya uwanja, anafumba macho, anasikiliza. Benedikto akawa anamtania, "Dada huyu hatafuti nyumba, anatafuta kaburi." Hamida alicheka kama wenzake.

Boko walifika saa saba, jua la utosi. Mtaa wenyewe unatoka barabara ya Bagamoyo unateremka taratibu hadi korongoni, nyumba nzuri za kawaida, kuta zimepakwa rangi, mageti yamefungwa. Hapakuwa na redio. Hapakuwa na mtoto anayelia wala mama anayetwanga. Hamida akafumba macho akasikiliza, asisikie kitu ila pumzi zake mwenyewe. Akamkamata mumewe mkono.

"Hapa," akasema.

Kwenye geti la jirani alikuwa amesimama mwanamke mmoja mrefu, mkavu wa uso. Benedikto akawaambia huyo ni Mwalimu Apolonia, mtu wa Bukoba, mtaani wanamwita Mama Gibson. Hamida akamsogelea, wakajuliana hali.

"Dada, huku kukoje?"

Macho ya Mama Gibson yalikuwa kwa Yasmini, ambaye wakati huo alikuwa mnene wa mashavu, meno ya mbele yametoka.

"Kumetulia," akasema. Akaanza kufunga geti, akasita, akalifungua tena kidogo. "Na kibaraza chenu hicho kina upepo mzuri. Mchana muwe mnakaa pale mle chakula."

Hamida akaondoka anamsifu. Watu wa Boko wana utu, alimwambia mumewe.

Kosa lilifanyika siku ya kwanza waliyopika.

Tandale watu hula nje, mlangoni, uchochoroni, popote penye nafasi ya sinia, na mtu akipita lazima umwambie karibu. Unasema tonge likiwa mdomoni. Unasema bila hata kuinua uso. Na anayepita, awe na njaa ya namna gani, atajibu "starehe" au "endeleeni tu," aende zake. Anayekuja kweli akakaa utamshangaa. Hamida alilelewa hivyo na mamake, na Yasmini naye alikuwa anafundishwa hivyohivyo, na asipomjibu mtu aliyebisha hodi alikuwa anafinywa.

Basi siku ile Fakihi amelala ndani, pazia limeshushwa, feni inazunguka. Mama na mwana wako barazani, wali na mchuzi wa nguru. Nje ya ukuta zikasikika ndala zinaburuzwa, shwaa, shwaa, mtu asiye na haraka.

"Karibu," alisema Hamida, macho kwenye sinia.

Ndala zikasimama. Sauti ya kizee, ya chini, yenye adabu zote, ikajibu kutoka ng'ambo ya ukuta:

"Haya. Nimekaribia."

Hamida akainua uso. Geti lilikuwa na komeo na halikutikisika. Akangoja. Ndala hazikuondoka, wala hazikuja. Akacheka peke yake, akamnong'oneza mwanawe kwamba wazee wa huku wana utani. Yasmini hakucheka. Alijisogeza kwenye mkeka, akaacha nafasi.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Shimo la kwenye wali lilikuja siku chache baadaye, na baada ya shimo ikaja harufu. Mchana wa kiangazi, ardhi imekauka mpaka imepasuka, lakini kila wakaapo kula panakuja harufu ya udongo mbichi, udongo uliochimbuliwa leo. Halafu bakuli la kunawia. Hamida alikuwa analiweka kando ya mkeka, yeye ananawa, mtoto ananawa, na wakishamaliza maji yanatikisika tena, polepole, na vitone vinadondoka kimoja kimoja kutoka juu ya bakuli ambako hakuna mkono.

Akahamishia chakula jikoni, akafunga mlango. Haikusaidia kitu. Mgeni akishaingia nyumbani kwako hukai naye barazani tu.

Lakini kilichomtisha Hamida kuliko vyote ni mtoto kuacha kula.

"Yasmini, kula mwanangu."

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini na hujagusa?"

Walikuwa wanaongea kwa kunong'ona. Ndani ya nyumba ile walishazoea kunong'ona ili baba alale. Yasmini akamvuta mamake shingo, akamtilia mdomo sikioni.

"Babu ananilisha."

"Babu gani?"

"Si huyu uliyemkaribisha."

Hamida alitaka kugeuka atazame upande ule wa tatu wa sinia, shingo ikakataa. Na hapo, katika ule ukimya aliokuwa ameuzungukia mji mzima kuutafuta, ukimya usio na redio wala mpiga debe wala mtoto wa jirani wa kuuvunja, akasikia kitu ambacho Tandale asingekisikia hata angetega sikio mwaka mzima, akasikia mtu anatafuna, taratibu, kwa ustaarabu, mdomo umefungwa, anameza, anapumua puani, na anaanza tena.

Alimbeba mtoto akamkimbizia kwenye zahanati. Wakampima malaria, wakampima choo, wakampima damu, vipimo vyote safi. Daktari akasema ampikie anachopenda. Akampikia. Chapati, maandazi ya iliki, kuku wa nazi. Yasmini anafungua mdomo, anatafuna, anameza, anapangusa midomo, na kwenye sinia upande wake hapajaguswa. Tumbo lilikuwa limejaa kitu ambacho hakikuwepo. Mashavu yakaisha. Shingo ikawa nyembamba, sketi ya shule ikawa inamvuka, Hamida akaitia pini, akaitia na nyingine. Usiku alipokuwa akimwogesha alikuwa anahesabu mbavu bila kutaka.

Fakihi alipoambiwa alikaa kitandani akajikuna kichwa.

"Mtoto kabadilisha mazingira tu, atazoea."

"Baba Yasmini, kuna mtu humu ndani."

"Sikiliza, Hamida. Mie tangu nimezaliwa sijawahi kulala namna hii. Kazini sasa hivi niko macho mpaka asubuhi. Usinirudishe Tandale kwa sababu ya maneno ya mtoto."

Alikuwa amenenepa, ngozi imetakata. Hamida alimpenda mumewe, hilo wote waliowajua walilijua, lakini siku hiyo alimtazama alivyonawiri akamchukia, nisikufiche.

Kilichomgeuza Fakihi ni tumbo lake mwenyewe. Siku yake ya mapumziko aliamka mchana na njaa, akatoka barazani na singlendi, akakaa kwenye mkeka upande uliokuwa wazi.

"Baba, umemkalia Babu," alisema Yasmini.

Fakihi akaanza kucheka. Kicheko hakikufika mwisho. Mkeka chini yake ulikuwa umelowa na ulikuwa wa baridi, na kitu kikawa kinajivuta kutoka chini ya mapaja yake, bila hasira, kinampisha kama anavyopisha mtu mzima aliyekaliwa kwa bahati mbaya. Akaruka pembeni. Na akiwa amesimama pale, mgongo ukutani, akauona wali unabonyea mbele ya macho yake, vidole vitano visivyoonekana vinakusanya, vinakamua, vinaviringisha kiganjani, wali ukapungua sinia likaonekana chini yake, lakini tonge lenyewe halikuonekana hewani, hapakuwa na kitu hewani, na mwanawe wa pekee akapanua mdomo kuelekea pale pasipo na kitu, akaufunga, akatafuna, mishipa ya shingo ikimcheza, akameza, akasema, "Asante Babu." Fakihi alishika simu mara mbili ikamponyoka.

Aliyempigia ni mjomba wake, mdogo wa mamake, Maalim Jabiri wa Temeke, mzee mfupi mwenye maneno makali ambaye familia ilikuwa inamwendea kwa mambo ya namna hiyo na kumkwepa kwa mengine yote. Alikuja kwa bodaboda asubuhi iliyofuata. Hamida akafungua geti.

"Shikamoo mjomba. Kari..."

Mzee akamwekea kidole midomoni kabla hajamaliza. Akaingia mwenyewe, akavua viatu, akazunguka nyumba nzima akinusa. Akamshika Yasmini kidevu, akamfunua kope, akamwachia. Wakakaa sebuleni, wote watatu wakubwa vichwa vimekaribiana.

"Nani alimkaribisha?"

"Mie, mjomba."

"Kwa neno gani?"

"Karibu tu. Nilisikia mtu anapita."

"Ulimwona?"

"Hapana."

Maalim akafyonza. "Angekuwa ameingia kwa ubabe, mie ningemtoa kwa ubabe, nina dawa zake. Huyu kaingia kwa adabu. Kaitwa kwenye chakula kaitika. Nikimsomea leo, atakaa anisikilize, halafu kesho atanawa mikono ale."

"Tuhame basi," alisema Fakihi.

"Mrudi Tandale? Kule watu wanasema karibu kutwa nzima, atatoka chumba hiki aingie kile mpaka awamalize watoto wa watu. Na nyie hatawaacha. Alialikwa na mtu, hakualikwa na nyumba." Akamgeukia Hamida, na sauti yake ikalainika kidogo. "Wewe uliyemkaribisha ndiye wa kumtoa. Leo mchana utampa chakula kizuri. Utampa maji anawe. Halafu utakunja mkeka, utamwambia tumeshukuru umetutembelea, ngoja nikusindikize. Mgeni akikunjiwa mkeka hana pa kukaa. Utatembea naye mpaka alikotokea, kule korongoni. Atakuwa anakusemesha njiani. Usimjibu. Na mkifika ataaga, na kuna maneno midomo yako itataka kuyasema yenyewe."

"Karibu tena," alinong'ona Hamida.

"Hata hivyo ulivyonong'ona, usiyaseme."

"Na akishaondoka anakwenda wapi?"

Mzee alitazama viganja vyake. "Atakuwa anapita njia. Njia ni ya kila mtu. Atabisha hodi kwa aliowazoea, mpaka apatikane mwingine wa kumkaribisha. Akibisha, mnyamaze. Mtoto naye anyamaze."

Saa saba ilipofika, Fakihi alimchukua Yasmini chumbani akamkumbatia. Hamida akaandaa sinia peke yake, wali, nazi nzito, samaki mzima. Hakula. Alikaa akasikiliza kutafuna mpaka kulipokoma. Akasogeza bakuli, maji yakatikisika. Akakunja mkeka, akasema yale maneno aliyofundishwa, akafungua geti.

Ndala zikatoka naye.

Mtaa wote ulikuwa mtupu na mweupe kwa jua. Alitembea katikati ya barabara ya udongo kuelekea korongoni, na kulia kwake shwaa, shwaa, kwa mwendo wake yeye, akikaza mwendo zinakaza, akipunguza zinapunguza, na ardhini kulikuwa na kivuli kimoja tu, chake, na ile harufu ya udongo mbichi ikimjaa kooni, na ile sauti ya kizee ikaanza, kwa upole, habari za kutwa mama, na watoto hawajambo, na mzee wa nyumbani amepumzika vizuri, na nguru wa leo alikuwa mtamu umemtoa wapi, maswali ambayo tangu amejua kusema hajawahi kuulizwa akakaa kimya, na kila swali lilikuwa linamvuta jibu kutoka kifuani, nzuri, hawajambo, amepumzika, likimpandia mpaka nyuma ya meno, naye analimeza, machozi yanamtoka, anatembea, nyumba zinapita kushoto na kulia, mapazia yote yameshushwa, na nyuma ya kila pazia anajua kuna mtu.

Walipofika ukingoni mwa korongo, ndala zikasimama.

"Haya, mama. Umenifanyia ukarimu sana. Mie ndio naenda."

Akangoja. Hamida alimsikia anavyongoja. Maneno yakamjia ulimini yakiwa tayari, maneno mawili ya adabu ambayo mamake alimfundisha kabla hajafundishwa kuhesabu. Akaung'ata ulimi. Akaung'ata mpaka damu ikamjaa kinywani, akaimeza nayo.

"Haya," sauti ikasema tena, kavu kidogo safari hii.

Harufu ikaondoka. Hamida akageuka akarudi bila kutazama nyuma.

Mama Gibson alikuwa nje ya geti lake na kikombe cha maji. Hamida akakipokea, akasukutua, akatema maji mekundu mchangani.

"Umemfikisha?"

Hamida akatikisa kichwa kukubali. Halafu akamtazama vizuri, akamtazama na binti yake mwembamba, Gladness, aliyesimama nyuma ya dirisha la mamake na ambaye tangu wahamie hawajawahi kumsikia akisema neno.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua. Kabla yenu alikuwa kwangu. Nilimsindikiza mwenyewe kama ulivyomsindikiza wewe." Alikuwa anaongea chini sana, Kiswahili chake cha darasani. "Ila mimi nilichelewa. Gibson alikuwa ameshashiba."

Hamida hakuwahi kuuliza Gibson yuko wapi. Alidhani yuko bweni.

"Ukaniambia kibaraza kina upepo."

"Alikuwa anabisha hodi kila mchana, mwenzangu. Siku mliyokuja kuangalia nyumba, Gladness alikuwa ameshafungua mdomo, nikamuwahi."

"Na mtaa mzima mnauita umetulia."

"Nyie wageni ndio mnasema umetulia. Umenyamaza. Hizi nyumba zote unazoziona, saa saba ikifika kila mama amemziba mtoto wake mdomo."

Hamida alitaka kumpiga. Alitaka kumvua kitambaa chake cha kichwa amburuze nacho mpaka korongoni. Akamrudishia kikombe chake, akaingia kwake, wala hakumshukuru kwa maji.

Jioni hiyohiyo Yasmini aliomba uji. Akanywa, akaomba tena. Kesho yake akala ugali na dagaa mpaka akalamba sahani, na Hamida akakaa chini jikoni akalia kwa sauti, akasahau kabisa kwamba mumewe amelala. Fakihi mwenyewe alitoka akakaa naye palepale sakafuni. Sketi ikatolewa pini moja, halafu ya pili. Mashavu yakaanza kurudi. Walifurahi, hilo ni la haki kulisema. Kwa muda walikuwa watu wenye furaha.

Kisha zikarudi ndala.

"Hodi."

Saa saba, nje ya ukuta. Hamida akamdaka mtoto, wakakaa chini ya meza.

"Hodi wenyewe."

Kimya. Na kesho yake tena, na keshokutwa, hajachoka, hajakasirika, kila siku anasogea kidogo, ukutani, getini, barazani, mpaka ikawa anabisha kwenye mlango wa jikoni wenyewe kwa ukucha. Siku moja akasema, "Yasmini, mjukuu wangu, hodi," na Hamida akahisi midomo ya mwanawe inafunguka chini ya kiganja chake, ulimi unagonga, ka, ka, kwa sababu mtoto alifundishwa vizuri, alifinywa akafundishwa. Hamida akaubana mdomo ule kwa mikono yote miwili. Yasmini alikosa pumzi akamng'ata. Alama za meno zilibaki kiganjani, na kila usiku Hamida alizitazama akawaza siku atakayokuwa chooni, au sokoni, au amepitiwa na usingizi.

Mambo yalikuwa hapo Benedikto alipokuja na wateja.

Nyumba ya upande wa pili, iliyokuwa tupu tangu wao wahamie, ilikuwa inatafutiwa mpangaji. Hamida alikuwa nje anaanua nguo kabla saa saba haijafika. Akawaona wanateremka: dalali na viatu vyake, mwanamume mwenye macho mekundu ya usingizi, na mwanamke mwenye mtoto mgongoni, kitoto kinene kinalala mdomo wazi. Mwanamke yule akaingia uwanjani, akasimama katikati. Akafumba macho. Akasikiliza.

Hamida akageuza uso. Alijua la kusema. Alikuwa na maneno yote: kimbieni, msihamie hapa, mwulizeni Mama Gibson alipo Gibson. Akaona pazia la Mama Gibson linacheza kidogo. Nyuma yake, ndani, Yasmini alikuwa anaimba wimbo wa shuleni, sauti imerudi, imenona.

"Dada, samahani." Mwanamke alikuwa ameshafika getini, anatabasamu, amechoka. "Mie Anjelina, tunatokea Manzese. Kule hatulali, na huyu Stephano wangu ndio kabisa. Eti huku kukoje?"

Hamida alimtazama yule mtoto. Alimtazama kwa muda mrefu, macho yakashuka mpaka kwenye kiganja chake mwenyewe.

"Kumetulia," akasema.

"Naona. Mpaka raha."

"Na kibaraza chenu kile," akasema Hamida, na sauti yake hakuitambua, "kina upepo mzuri. Mchana muwe mnakaa pale mle chakula."

"Asante sana, da'ngu. Basi tukihamia, karibu, usione haya, karibu kabisa."

Hamida alikuwa ameshashika komeo la geti. Na katika ule ukimya, nyuma ya ukuta, upande ambao Benedikto na mwanamume yule hawakuwepo, sauti ya kizee ikajibu kwa adabu zake zote:

"Haya. Nimekaribia."

Anjelina akacheka kidogo. "Mzee wako huyo? Anaonekana mstaarabu," akasema, akampandisha mtoto mgongoni, akaenda kumwambia mumewe kwamba nyumba ameipenda.